Gari la Kaka Linapungua

Jumapili, 20 Julai

Likizo imeanza, na Baba ameanza kulivua gari la Kaka.

Sijui neno jingine. Amelivua. Nilisikia spana nikiwa bado kitandani, nikadhani kuna mteja — lakini leo Jumapili, gereji yetu imefungwa. Nikashuka na kitabu changu. Turubai liko chini! Tangu mazishi ya Februari hakuna aliyeligusa turubai lile. Sasa gari limekaa wazi kwenye mwanga, jekundu, dogo, viti viwili tu na paa la kitambaa, na Baba ameingia ndani ya buti hadi kiunoni, miguu inaning'inia nje kama mtoto aliyeangukia pipani.

Tairi la akiba limetoka. Jeki. Zulia la buti. Vyote vimepangwa sakafuni kwa mstari.

Nikamwamkia. Akajibu bila kutoa kichwa: Fumino, niletee ile mizani ya bafuni.

Kaka Tomoharu alilinunua gari hili kwa mkulima mmoja aliyekuwa akilifungia ghalani pamoja na vitunguu. Miezi ya kwanza lilinuka vitunguu, sote tukanuka vitunguu. Yeye na Baba walikuwa na mpango. Watoe kila kilo isiyo na kazi, walipeleke uwanja wa mbio wa Nagaone, kule mlimani, na Kaka aushinde muda wa rafiki yake Sugaya. Alinieleza mara nyingi kwa nini uzito ni jambo kubwa. Gari zito ni bishi, alisema. Ukiliambia simama, linabisha. Ukiliambia kata kona, linabisha. "Ukilipunguza, Fumi, linaanza kukusikiliza."

Halafu ikaja ile homa isiyoisha, kumbe ni ugonjwa wa damu. Mpango ukaingia chini ya turubai.

Baba anasema atalipeleka uwanjani tarehe kumi na sita Agosti. Agosti! Hata mimi najua joto huichosha injini, na wenye akili husubiri majira ya baridi. Sikuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza.

Jumanne, 22 Julai

Redio imetoka. Spika. Leo kiyoyozi pia, na mabomba yake yote kama matumbo ya samaki.

Baba aliviweka pembeni mwa lango, mahali ambapo mtu wa vyuma chakavu huja kuchukua. Mama akarudi kazini jioni — anakaanga vyakula kwenye duka kubwa, anarudi akinukia mafuta hadi kwenye nyusi — akasimama palepale langoni na mkoba begani.

"Hivi ni vya nani?"

"Vyuma chakavu," Baba akasema.

"Sijauliza ni vya aina gani. Nimeuliza ni vya nani."

Baba akafuta mikono. Alifuta muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

Mama akainama, akalikumbatia tairi la akiba na aproni yake ya kazini, akapanda nalo ngazi hadi chumba cha Kaka. Akashuka. Akachukua redio. Nikabeba spika. Kiyoyozi kilitushinda mpaka Baba mwenyewe akaja akakishika upande wa pili.

Kwa hiyo sasa ndivyo ilivyo. Gari linapungua, chumba kinajaa. Mbao za sakafu ya juu zinalia mtu akipita.

Baba hakula wali. Tofu tu, na tango. Mama akamuuliza kama anaumwa. Akasema dereva naye ni uzito.

Najua alikoitoa kauli hiyo. Ni mzaha wa Kaka, hospitalini, mwezi wa Januari, wakati mashavu yake yalikuwa yameshaisha. Alimwambia Baba: "Unaona? Tumeshapunguza kilo kumi na tano na hatujagusa hata nati moja. Dereva yuko tayari. Gari ndilo linatuchelewesha." Baba alicheka sana. Kisha akasema anakwenda kununua kahawa, na hakurudi na kahawa.

Jumamosi, 26 Julai

Leo sitaki kuandika, lakini nisipoandika sitalala.

Sugaya alikuja saa za asubuhi na gari la duka lao la matairi. Huyu haongei, anapiga kelele. "Mzee! Nimeleta dawa!" Na kwangu: "Shwari, Profesa? Bado unasoma? Watakuja kuishiwa vitabu hawa!" Kanipa jina la Profesa tangu nikiwa darasa la nne. Sijawahi kumjibu zaidi ya kuinamisha kichwa, na hajawahi kukata tamaa.

Alikuwa na boksi. Ndani yake barafu kavu, ile inayotoa moshi badala ya maji, amepewa na mtu wa kiwanda cha aiskrimu.

Iko hivi. Chini ya zulia la gari kuna mabamba ya lami yaliyogandamizwa kwenye bati ili yameze kelele. Mazito, na hayang'oki. Ukiyachokoa yanavutika kama gundi. Lakini ukiyawekea barafu kavu yanakakamaa, ukigonga kwa nyundo yanapasuka kama sahani. Sugaya alikuwa anafurahi kama mtoto. "Profesa, usiiname sana, hewa hii italaza hadi mtu aliyelala!" Milango yote ikafunguliwa. Moshi mweupe ukamwagika sakafuni mwa gari, ukatiririka mlangoni, ukaenda zake uani.

Baba hakutaka kuunguza vidole kwa baridi yake, kwa hiyo akayafunga mapande ya barafu kwenye taulo nyeupe. Akayapanga. Moja hapa, moja pale.

Mama akatokea na sinia la chai ya shayiri ya baridi.

Alisimama.

Kaka aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, tulimlaza chumba cha mikeka kusubiri zamu yake ya kuchomwa tanurini. Ilikuwa foleni ndefu, majira ya baridi watu hufa wengi. Kila asubuhi kijana wa shirika la mazishi alikuja na glavu, akainama mara mbili, akabadilisha barafu kavu. Zimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Moja kifuani, moja tumboni. Moshi ulikuwa unatoka kwenye kola ya kimono yake kama anapumua.

Mama aliliweka sinia chini, vizuri, akageuza glasi moja iliyokuwa imekaa upande. Akarudi ndani.

"Nimefanya nini?" Sugaya akauliza. "Mzee? Nimefanya nini?"

Ikamjia mwenyewe. Naye alikuwepo Februari, alikaa kwenye mkeka ule ule, alikuwa anamsimulia Kaka habari za matairi. Akavua kofia. "Mimi ni mjinga. Mzee, mimi ni mjinga mkubwa."

"Gonga," Baba akasema. "Gonga kabla haijaisha."

Wakagonga. Nilishika mfuko wa kukusanyia. Vipande vyeusi, vinaingia vinalia.

Jioni Mama aliniuliza ule mfuko uko wapi. Nikadhani ananitania. Haukuwa mzaha. Hata lami iko juu sasa, karibu na kitanda.

Jumatano, 30 Julai

Zamu yangu ya maktaba shuleni. Karibu hapana mtu. Msichana wa kidato cha kwanza alinisaidia kubandika namba kwenye migongo ya vitabu. Anaongea vizuri, hana haya. Akaniuliza nyumbani kwenu mko wangapi, watoto.

Wawili, nikasema.

Njiani kurudi nimelifikiria neno hilo hadi nikapita kituo changu.

Ijumaa, 1 Agosti

Kiti.

Nilijua kitafika. Niliona kila siku vinavyopungua vya kutoa. Lakini nilidhani — sijui nilidhani nini. Kwamba mtu ataona. Kwamba Mama atasema. Mama alikuwa kazini.

Kiti cha abiria kimeshikwa na boliti nne. Tatu zikatoka. Ya nne ikashika kutu. Baba akapuliza mafuta, akangoja, akajaribu, kiti kikawa kinacheza cheza. Akanitazama mimi na kitabu changu.

"Fumino, njoo ukae, kiti kisicheze."

Nikakaa.

Kila Jumapili Kaka alikuwa ananipeleka maktaba ya mjini kwa gari hili, na mimi niko hapa, miguu juu ya zulia ambalo sasa halipo. Aliendesha paa likiwa wazi hata Novemba, na hita imewashwa kabisa, akasema hii inaitwa kuoga maji moto barabarani. Mimi siongei na watu, lakini hapa nilikuwa naongea. Nilimsimulia vitabu. Aliuliza maswali ya ajabu. Kama mhusika amefariki, alikuwa anauliza, "Sasa vitu vyake alichukua nani?"

Na siku ya kuchomwa, tulipomaliza kuokota mifupa yake kwa vijiti kuitia mtungini, na mtungi ukafunikwa, Mama alikataa mtungi upande basi la wafiwa. Alisema Kaka atarudi na gari lake mwenyewe. Kwa hiyo nilikaa hapa na mtungi mapajani, umevikwa kitambaa cheupe. Ulikuwa bado na joto. Nilikuwa nimejiandaa kwa kitu kizito. Baba aliendesha polepole, hakuwasha hita.

Boliti ilikuwa inageuka chini yangu. Niliisikia kwenye mifupa ya kukalia.

Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Baba, usikitoe hiki. Maneno matatu! Mtoto wa chekechea anaweza.

"Haya," Baba akasema. "Toka."

Nikatoka.

Chini ya kiti kulikuwa na penseli yangu yenye alama za meno, ile niliyomshutumu Kaka kwamba ameiiba. Na maganda ya njugu.

Mama alirudi akakikuta kiti kimesimama peke yake katikati ya gereji, kimeelekea ukutani. Alikipandisha juu akanisukuma nisimsaidie.

Alhamisi, 7 Agosti

Ofisi ya ukaguzi wa magari. Ukiondoa kiti, huruhusiwi kuingia barabarani hivi hivi. Lazima hati ya gari ibadilishwe: idadi ya watu, kutoka wawili kuwa mmoja.

Baba alitangulia na gari, mimi na Sugaya nyuma na zana. Sijawahi kulitazama gari la Kaka kwa nyuma muda mrefu hivyo. Kichwa kimoja tu, na upande wa kushoto barabara inaonekana.

Sugaya alikuwa ameacha kupiga kelele. Akaniuliza, "Mzee anakula?" Nikatikisa kichwa. Akasema gari akilipunguza atashinda, lakini akijipunguza yeye nani atashika usukani. Kisha akaona haya, akafungua redio.

Karani alikuwa kijana mpole mwenye tai fupi. Gari likapimwa. Akasoma namba, akaisoma tena, akatabasamu: limekuwa jepesi kweli, mzee, umefanya kazi. Baba akashukuru.

"Kwa hiyo idadi ya watu imepungua," karani akasema, akiwa anajaza.

"Imepungua."

"Mmoja."

"Ndiyo. Mmoja."

Muhuri. Karani aliinama, Baba akainama, wakawa wanainamiana pale dirishani, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Jumatatu, 11 Agosti

Baba ametoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali. Kwa msumari. Aliufanyia kazi kwenye benchi la gereji, na akapuliza vumbi kama anavyofanya kwa bati.

Mama aliweka bakuli la wali mbele yake. Akalisogeza. Mama akalirudisha. Akalisogeza. Mama akasema: "Unadhani ukiwa mwepesi kama yeye utamfikia?"

Nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Jumatano, 13 Agosti

Wafu wanarudi leo, kwa sikukuu ya Bon. Jumamosi jioni tunawasindikiza. Hii ni ya kwanza kwa Kaka, kwa hiyo taa yetu ni nyeupe.

Na sasa ninaelewa kwa nini Agosti! Tarehe kumi na sita Kaka bado yuko nyumbani. Baba hataki kuendesha siku ambayo injini ina nguvu. Anataka siku ambayo Kaka yupo. Nimekuwa mjinga wiki zote hizi. Profesa gani huyu!

Asubuhi nilichonga miguu ya farasi na ng'ombe kwa vijiti. Tango ndilo farasi wa Kaka, ili aje mbio. Biringanya ndilo ng'ombe, ili aondoke polepole. Mama alileta biringanya kutoka dukani, jeusi, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. "Nimeyapima yote," akasema. "Hili ndilo zito."

Baba akachukua tango. Akaliangalia. Akafungua droo, akatoa kijiko cha chai, akalikata kidogo upande wa tumbo akaanza kulichokoa. Mbegu zikatoka, maji yakatoka.

"Unafanya nini?" Mama akauliza.

"Napunguza."

Mama akacheka! Alicheka hasa, mkono mdomoni, sijamsikia tangu mwaka jana. Halafu akageukia sinki akafungua bomba, na hakukuwa na kitu cha kuosha.

Baba alikuwa amelitoboa tango hadi mwanga unapita kwenye ganda. Tulilisimamisha na miguu yake minne. Upepo wa feni ukaliangusha.

Saa kumi na moja tulikwenda makaburini. Familia nyingi, watoto na taa zao, harufu ya udi na majani yaliyokatwa. Baba alikuja na gari la Kaka. Nilijua anachotaka: kumrudisha nyumbani na gari lake. Tulisafisha jiwe, Mama akawasha taa kwa mshumaa wa kaburini, maana wafu husafiri ndani ya moto ule. Baba akaipokea kwa mikono miwili. Akatembea nayo hadi kwenye gari, akafungua mlango wa kushoto.

Bati tupu. Jekundu. Matundu manne.

Alibaki amesimama, taa mkononi. Nadhani alikuwa amesahau. Yeye, aliyetoa kila boliti kwa mkono wake — alisahau.

Nikasikia mtu anasema: "Baba, Kaka atakaa wapi?"

Ilikuwa sauti yangu. Kubwa! Familia ya kaburi la pili waligeuka, kisha wakajifanya wanapanga maua.

Baba alifunga mlango taratibu, mpaka kitasa kikalia tu kidogo. Akanipa taa. Tukatembea mimi na Mama, kando ya mashamba ya mpunga, nikaukinga moto kwa kiganja. Baba akatufuata nyuma na gari, kwa mwendo wetu. Bila lami, bila zulia, kila kokoto ikawa inagonga bati. Kama mtu anayebisha hodi.

Alhamisi, 14 Agosti

Wageni. Mtawa alikuja kusoma sala, jasho linamtiririka kichwani. Jamaa wanasema gari limependeza. Baba amekaa mbele ya picha ya Kaka, anatazama tango.

Sijui kama amenikasirikia. Natamani ningeyarudisha maneno yale. Halafu sitamani.

Ijumaa, 15 Agosti

Nilikuwa gereji, naandika insha ya kitabu ya likizo, Baba akiwa chini ya gari. Nikasikia ngazi zinalia. Hatua, kimya, hatua, kimya.

Mama ametokea na kiti mgongoni! Amekifunga kwa mkanda wa kubebea watoto, ule wa zamani, sikujua bado upo. Akageuka, akakitua sakafuni.

"Rudisha."

Baba akajitoa chini ya gari. "Kile kina kilo kumi na—"

"Kilo zake nazijua. Nimezishusha ngazi nzima."

"Hati inasema mtu mmoja. Barabarani ni kosa."

"Nani kasema barabarani? Kibebe kwenye gari la Sugaya. Kule uwanjani, mchana, kuna mizunguko ya familia. Taratibu, hakuna kushindana. Nimewapigia simu nikauliza. Abiria anaruhusiwa."

"Abiria gani?"

Mama akanitazama mimi. Nikatazama insha yangu. Akavua ule mkanda, akaukunja, ukubwa wa kitabu.

"Muulize aliyekuuliza," akasema, akaingia ndani.

Baba alikaa sakafuni karibu na kiti. Alikuwa amekishika sehemu ya kuegemea kichwa, kidole kinachora chora kitambaa. Nikakusanya karatasi zangu nitoke. Nikiwa mlangoni akasema:

"Fumi. Zile boliti nne ziko kopo la kahawa, la bluu. Zipake mafuta."

Hajawahi kuniita Fumi. Ni Kaka tu.

Jumamosi, 16 Agosti

Nagaone. Naandika nikiwa kwenye kivuli cha gari la Sugaya. Joto hadi lami inanuka. Magari machache, wenye nayo wamelala chini yake kama mbwa. Agosti, nani mwingine angekuja!

Asubuhi Baba ameendesha bila kiti cha abiria. Sikujua Baba yangu anaweza kuwa yule. Gari lilikuwa linaruka kona hadi kona kama limeitwa jina. Linasikiliza — Kaka alisema kweli, linasikiliza. Mama alishika shingo yake muda wote.

Sugaya ndiye mwenye saa. Mzunguko wa mwisho akapiga yowe, akamkimbilia Baba kabla hajazima injini. "Nusu sekunde! Mzee, bado nusu sekunde tu unipate! Kwenye joto hili! Sikiliza, subiri Desemba, hewa ikipoa utaniua, nitaacha kazi nikauze viazi!"

Baba akavua helmeti. Nywele zimeganda kichwani. Uso mdogo.

"Desemba hayupo," akasema.

Sugaya akaiangalia saa yake, akaizima.

Mchana. Mama amefungua boksi la mikate — nimeandika nini, si mikate, wali wa kubonyezwa, zile pembetatu zenye mwani. Baba akachukua moja. Sote tukajifanya hatuoni. Akachukua ya pili. Akachukua ile ya samaki wa chumvi, ambayo Mama humtengenezea Kaka peke yake. Akaila yote, na chembe za wali zilizobaki kidoleni.

"Mzee, unaongeza uzito," Sugaya akasema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo," Baba akasema.

Kisha kiti. Nilishika boliti kwenye kiganja, zimeng'aa. Baba akasema njoo ukae, kisicheze. Nikakaa. Akakaza ya kwanza, ya pili. Nikafikiri: ataniambia nibaki. Nilikuwa nimeshaamua nitakubali. Hata sentensi ya kwanza nilikuwa nayo, ningeanza na kitabu cha nyota.

"Haya," akasema. "Toka, mwanangu." Akanipa mkono.

Halafu akavuta mkanda wa kile kiti, akaufunga. Akaukaza. Akaukaza zaidi, taratibu, anapima kwa vidole, hadi ukafika unene wa mtu fulani mwembamba sana. Hapo akaacha. Akaupigapiga mara moja.

Nikaelewa. Mama naye. Sugaya akageuka akakohoa.

Langoni mwa uwanja kuna mzee wa bendera, kofia ya majani, shingo ya kuungua jua. Mbele ya Baba kulikuwa na gari la familia, watoto wanapunga mikono. Zamu ya Baba ikafika. "Abiria wako hana helmeti?" mzee akauliza, kisha akainama dirishani aangalie.

Aliona mkanda. Aliona ulivyokazwa. Leo ni tarehe kumi na sita, hakuna nyumba isiyo na mtu wa kumsindikiza jioni. Mzee akavua kofia ya majani, akapisha.

Baadaye kidogo.

Bado anazunguka.

Anaendesha kama siku ile ya mtungi. Gari la familia limempita mara nyingi, watoto wamechoka kupunga. Gari lote hili, wiki zote za kulipunguza, mikono yote ile, na linakwenda kama ng'ombe wa biringanya. Paa liko wazi. Akipita mbele yetu tunasikia kokoto kwenye bati.

Muda wa familia umeisha. Wengine wote wametoka. Mzee wa bendera ametikisa ile ya miraba, ya kumaliza, Baba amepita. Ametikisa tena, amepita.

Mzee amekuja kwa Mama, kofia mkononi. "Mama, zamu ya mchana inasubiri. Mwambie aingie."

"Mwambie wewe," Mama amesema. Hakusema kwa ukali.

Mzee amerudi kwenye nafasi yake. Bendera ameishika chini, imeegemea mguu.

Sugaya anasema petroli itamwangusha. Asubuhi aliweka kidogo tu, kwa sababu petroli nayo ni uzito. "Mizunguko miwili. Mitatu, kama ana bahati." Anaongea peke yake. "Mitatu."

Magari ya zamu yanayofuata yamewashwa, yamejipanga langoni. Hakuna anayepiga honi.

Anapita tena. Midomo yake inacheza. Anaongea, na anaongea akielekea kushoto, na mara moja amenyamaza kama mtu anayesikiliza, kisha amecheka.

Jua limeanza kwenda upande wa milima. Ni mwendo mrefu hadi nyumbani, na moto wa kumsindikiza Kaka lazima uwashwe langoni kabla giza halijakaa. Mama amefungua pochi. Ametoa kiberiti, amekitikisa, kina njiti. Ametazama kona ya mwisho. Gari limetokea pale, dogo, jekundu, polepole kuliko mara iliyopita.

Amekirudisha kiberiti ndani ya pochi.